Karatasi Haitoke Kama Mama Hajarudisha

Kisanga yenu, ile luga yetu Basanga, iko muzuri. Njo vile vinanikasirisha.

Batoto, mulinitumia karatasi mu telefone, mukaandika: "Tata Parleur, tunaingiza Kisanga mu telefone, batu ya mu mashamba bapate masomo ya afya. Angalia tu kama iko sawa." Nikaangalia. Nikavaa lineti ya macho, nikatosha lineti, nikavaa tena. Hakuna kosa. Kila neno imesimama pa fasi yake sawa batoto ya masomo mbele ya drapo, bendera ya inchi. Nikabapigia: "Nani alirudisha?" Ule mwenu mwenye sauti ya redio akanijibu: "Tata, kurudisha ni ya zamani. Mashini ilishaangalia."

Nikakata telefone. Bibi yangu akauliza: "Nani amekufa?"

Nikamwambia: "Bado. Lakini hii namna, batakufa."

Basi, vile mumekuya kwangu, muikale. Muko na haraka, najua, ninyi bote muko na haraka sawa mutu mwenye kuacha bukari, ugali yake, ku moto. Lakini mi niko mu pansioni, ni kusema ninaikala mu kiti ninangojea kitu yenye haikuye, kwa hiyo wakati niko nayo mingi. Nitabaelezea kurudisha ni nini, na nani alinifundisha, na vile alinichokesha hata leo nikimukumbuka meno inaniuma.

Mi sikusoma mingi, musinicheke. Nilimaliza masomo ya primaire, kisha kampani ya mukuba, ya kuchimba shaba, ikaanza kugonjwa, baba akabaki na muchoko tu ya kuleta ku nyumba. Lakini kinywa nilikuwa nayo. Mu kanisa yetu ya mutaa ya Manika, pasta alikuwa anahubiri mu Kifaransa, mi ninasimama kando yake ninageuza mu Kiswahili na mu Kisanga, njo bakaniita Parleur, musemaji. Shida yangu moja: nilikuwa mbio. Siku moja pasta alikuwa anaelezea bwana na bibi benye kugombana, anaelezea, anaelezea, na mi ninaona ba mama banaangalia jua, bukari inapoa ku manyumba. Nikabapatanisha bale bwana na bibi, nikabapatia na batoto mapacha, nikasema amina. Batu bakasimama, bakaimba, bakatoka. Pasta, yee, bwana wa mu mahubiri yake alikuwa angali anafunga sanduku ya kuenda.

Ku mulango mwanaume mumoja murefu akanishika mukono. Peni pa sikio, shati ya mikono mirefu na jua ile yote. Hakucheka. Hajacheka mbele yangu hata siku moja, na mi nilijaribu sana. Akasema: "We kijana unasema bitu yenye haijasemwa. Kuya kesho, Lundi, nikufundishe kunyamaza."

Ule njo Tata Mukendi. Ile Lundi nikaingia kazi.

Biro yetu ilikuwa chumba moja nyuma ya dispanseri: meza mbili, mashini ya kuandika, na ile mashini ingine ya kuzungusha na mukono, yenye kutosha makaratasi na kukuachia wino mu makucha hata Pasaka. Baganga ba hospitali ba mu Lubumbashi banatuma maneno mu Kifaransa, chanjo, uzazi, maji, tumbo ya batoto. Sisi tunaitia mu Kisanga. Juu kule bijiji ya kuelekea Nzilo, batu bazima bazima Kifaransa banaiogopa, na Kiswahili banaisikia sawa maneno ya batu ya mu muji, ya kuuza na kuuziana. Ukitaka mama akuamini juu ya tumbo ya mutoto wake, sema na yee mu luga yenye alizalia ule mutoto. Na Kisanga hakuna mwenye alikuwa anaiandikia makaratasi. Paka sisi babili tu, na mumoja wetu alikuwa Mukasai.

Ee, Tata Mukendi alikuwa mutu ya Kasai, jimbo ingine ya mbali. Ni kusema, baba yake njo alitoka kule, bakamuleta ku kazi ya mukuba. Yee alizaliwa hapa Kolwezi, Kisanga aliisikia ku batoto bakikamata samaki pamoja, akaoa Musanga, Mama Ngoie. Mi Musanga wa damu nilikuwa ninaandika Kisanga mbio-mbio, ninamupatia, anaangalia, anauliza: "Nani alikuambia hii?"

"Hakuna mwenye aliniambia, Tata. Ni luga yangu."

"Mi si Musanga. Mi ni mukwe wao. Mukwe haseme wa kwanza. Twende tuulize."

Twende tuulize! Kila siku, twende tuulize! Hata neno ya maji!

Sasa musikie sheria yake. Alikuwa na moja tu, na ile moja ilinikondesha. Karatasi haitoke kama mutu hajairudisha. Ni kusema: unaisoma mbele ya mutu mwenye hajue kusoma, mara moja, polepole. Kisha unafunga kinywa. Yee anakurudishia ile maneno na kinywa yake, sawa anaelezea dada yake ku kisima. Kama ile anarudisha ni ile ulitaka, Tata Mukendi anasema: "Itoke." Kama si ile, unapasua karatasi na unaanza. Hata kama uliandika muzuri. Hata kama munganga mukubwa ya Lubumbashi aliweka kashe, muhuri yake, chini.

Na hapana kuuliza mutu "Umesikia?" Muandike hii mu mikono yenu. Ukiuliza Musanga "Umesikia?", atakujibu "Nimesikia", juu ulimupa heshima ya kumutembelea, na yee atakukatalia namna gani? Hata ungemusomea Kichina, angesikia.

Mwenye kurudisha alikuwa Mama Kabange. Alikuwa anauza mikate ya mafuta inje ya dirisha yetu, pa kivuli ya ukuta. Hajue kusoma, ana kinywa, ana akili. Muzuri sana. Shida ni moja: alikuwa mama ya Mama Ngoie. Mama-mukwe wa Tata Mukendi!

Ninyi ya leo munakula na ba mama-mukwe mu sahani moja, munapiga nao ba foto. Kwetu kulikuwa buko, heshima ya bakwe. Mukwe na mama-mukwe hawaangaliane usoni. Hawakule pamoja, hawasemeshane hivi-hivi. Mukwe akipita, mama anajifunika na kitenge hata apite. Basi chef, mukubwa wangu wa kazi, anataka maneno ya mama, na chef hapashwe kumuona! Munaona vile Mungu alinichagulia kazi?

Namna yetu ya kufanya ilikuwa hii. Tata Mukendi anaikala ndani, chini ya dirisha. Mama Kabange anaikala inje, chini ya dirisha ile ile, mugongo ku ukuta, anapika mikate. Kati yao ni tofali moja. Mi ninasimama mu mulango.

"Muambie mama arudishe."

"Mama, anasema urudishe."

"Muambie ule bwana asinipeleke mbio."

"Tata, usimupeleke mbio."

"Nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Nimesikia kwamba amesikia."

Saa nzima hivi! Bote babili banasikiana vizuri kabisa, na mi katikati sawa mupira. Siku moja nikachoka, nikanyamaza, nikaona bitaenda namna gani. Ndani, kimya. Inje, kimya. Mikate inalia mu mafuta. Kisha Mama Kabange akasema juu mu hewa: "Kuna mutu banamulipa hapa juu ya kinywa, na leo ameiacha ku nyumba." Na ndani nikasikia: "Muambie mama ni kweli."

Lakini mikate njo ilinifundisha kazi. Musikilize hii, ni feza ninabapatia bure. Mutu mwenye kurudisha, umutafutie mwenye mikono yake iko na kazi. Ukimuikalisha pa kiti na kumuangalia, atakushikilia maneno yote sawa mutoto ya masomo, na kesho yote imetoka. Mama Kabange tulikuwa tunamusomea akipika. Akigeuza mikate kwa wakati, maneno yetu ilikuwa ya bure, ilipita sawa upepo. Mikate ikiungua, karatasi iko muzuri. Ile ya mama mwenye mimba na damu iliunguza sufuria nzima. Tata Mukendi alisikia ile harufu, akasema "Itoke" hata mbele mama arudishe. Na yenye kuungua tulikuwa tunaikula sisi, paka sisi tu, juu mama alisema hataweza kuuza mukate mweusi kwa batu bazima. Nilikula makaa mingi juu ya afya ya batu.

Na hii ingine. Kifaransa inapenda kuanza na nyuma: "Mbele ya kumupatia mutoto, na kisha ya kuchemusha maji, utie chumvi." Mama Kabange alirudisha: "Unapatia mutoto, unachemusha maji, unatia chumvi." Vile alisikia, njo vile atafanya. Basi kitu ya kwanza mu mikono ikuwe ya kwanza mu kinywa. Wasomi banaita ile kazi nini, sijue. Mi ninaiita kuacha kuchanganya ba mama.

Bon. Nilikuwa ninataka kubaacha hapa, lakini karatasi yenu inasema juu ya kunawa mikono, na mi hii ya kunawa mikono siwezi kuipita.

Ile wakati kampani ilikuwa inakufa waziwazi. Unga haikuye tena, kamio za mizigo zinaikala na mipira imelala. Na batu bakiwa na njaa, banatafuta mwenye aliiba bukari. Bamoja bakaanza kusema ni batu ya Kasai, barudie kwao. Kwao wapi? Bingi hawajaona Kasai hata mu ndoto. Lakini bakabatosha mu manyumba, mutaa kwa mutaa, ba bwana benye tulikuwa tunasali nao, ba mama benye balituzalisha. Nyumba ya Tata Mukendi vilevile. Alikuya ku biro asubui, akaniambia: "Leo nyumba yangu iko na batu bengine. Ile karatasi ya chanjo iko wapi?" Kisha akaenda kuikala ku gare na bibi na batoto, kungojea treni ya kubapeleka Kasai, pamoja na batu mingi, mingi, chini ya mashuka na mabati.

Batu mingi, maji kidogo. Ugonjwa ya tumbo ikaingia. Ikaanza ku gare, haikuikala ku gare. Ugonjwa haiulize baba yako alitoka wapi. Ikafika Manika, ikafika bijiji.

Infirmier Yav, ni kusema muuguzi, Mulunda mumoja mupole mwenye kuongoza dispanseri, akakuya na karatasi ya Lubumbashi. "Parleur, tia mu Kisanga. Leo. Nawa mikono mbele ya kula."

"Tata Mukendi haiko. Haijarudishwa."

"Batu banakufa, ndugu yangu. Tutaikala kurudisha juu ya makaburi?"

Na alikuwa na haki! Njo vile vilinikasirisha zaidi. Mi mwenyewe ile sheria ilikuwa imenichokesha. Akaweka haut-parleur, kile kipaza-sauti, juu ya gari, akazunguka na Kisanga safi: munawe mikono, bote, mbele ya kula. Ni maneno muzuri. Kila mutu akasikia.

Akarudia kisha siku kidogo, amekuwa sawa mutu wa kufufuka vibaya. "Banasikiliza, Parleur! Kila nyumba niliingia, bananawa! Na banagonjwa zaidi!"

Tukaenda kuangalia ku nyumba moja. Bukari pa meza, batu bamezunguka. Bakaleta beseni. Baba akatia mikono, akasugua vizuri. Akapitisha. Mukubwa akatia. Mama. Wa pili. Mu beseni ile ile, mu maji ile ile, hata mutoto wa mwisho, yee akanawa mu maji yenye imekuwa nzito sawa supu. Bakatuangalia, banafurahi. Sawa tulibaambia.

Infirmier Yav akashika kichwa. Mi nikasema ni rahisi. Nikaandika mara moja: kila mutu anawe mu maji yake, peke yake. Nikakimbia kwa Mama Kabange, nikamusomea.

Hakugeuza mikate. Alitosha sufuria ku moto kabisa.

"Rudisha, mama."

"Munasema: kila mutu amuogope mwenzake. Mwenye kunawa peke yake, ni mwenye kufikiri ndugu yake ni mulozi wa kumuroga. Benye kufukuza batu bamesema tuogope jirani. Sasa munasema tuogope na batoto?"

Nikapasua karatasi.

Bon. Ku gare, ku mulango, kulikuwa kundi ya bijana na mafimbo, kuzuia batu kupeleka bitu ya kula ao kusalimia. Mukubwa wao tulimuita Komanda. Mi ninamujua: mwana wa fundi wa mashono, hajaongoza hata mbuzi.

"Parleur! Unaenda wapi?"

"Ku kazi."

"Kazi gani mule?"

"Kutafuta Kisanga."

Bakacheka. "Mule hakuna Musanga!"

"Njo ninaona. Basanga bote beko hapa na mafimbo, na hakuna mwenye anaweza kunijibu swali yangu. Niachie nipite, Komanda, ao unijibu we: batu banawe namna gani, beseni isibaue na bila mutu kumuita ndugu yake mulozi?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, niliona vile ilimuuma. Kisha akasema: "Pita mbio."

Tata Mukendi alikuwa anaikala juu ya tiroire, ile sanduku ya kuvuta ya kabati yake. Kabati haiko, tiroire tu. Peni pa sikio. Mama Ngoie kando, mutoto mudogo mu mugongo, anatengeneza mizigo yenye haitengenezeke. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya uchungu, ya heshima, nimeyafikiri njia nzima. Akanikata.

"Mama alirudisha nini?"

"Tata, banakufukuza mu muji yako sawa mbwa, na unaniuliza..."

"Mama alirudisha nini?"

Nikamwambia. Akageuza macho. Mbele yetu batoto balikuwa banatia mikono mu beseni, mumoja kisha mumoja.

"Siku ya kwanza nilienda kwao kuomba bibi," akasema, "bukari ikakuya. Bote bakanawa mu beseni. Zamu yangu, kijana mumoja akashika kikombe, akanimwangilia maji mu mikono, na beseni tupu chini. Hawakuacha nitie mukono. Nikaona aibu. Nikasema hawa batu hawanitake, mi muchafu wa Kasai."

Mama Ngoie akacheka kidogo, bila kuangalia nyuma. "Alikasirika hata kesho yake. Ilibidi nimuelezee: mukwe hatie mukono mu maji ya bengine. Banamumwangilia. Ni heshima."

Tata Mukendi akatosha peni pa sikio. "Andika. Kila mutu anawe sawa mukwe. Baba sawa mukwe. Mutoto sawa mukwe. Mugeni sawa mukwe. Asitie mukono mu beseni. Mudogo amumwangilie maji. Kisha uende kwa mama. Arudishe."

Niliondoka pale mbio. Ile karatasi ilikuwa muzuri, nilijua. Ingeunguza mikate ya muji muzima.

Mama Kabange hakukuwa na mikate. Hakukuwa na moto. Alikuwa anaikala tu pa ukuta. Nikamusomea. Akasikiliza hata mwisho.

"Rudisha, mama."

"Sirudishe."

"Mama! Iko mubaya?"

"Nani aliiandika?"

"Mukwe yako."

"Na yee anaenda na mwana yangu na bajukuu yangu. Nitamurudishia nani? Hii dirisha?" Akapiga ukuta na mukono. "Ndani muko mutu?"

Hamukuwa mutu.

Nikaenda kwa Infirmier Yav. Akasema: "Basi tutoe hivi." Nikaenda ku gare, nikasema: "Tata, mama anakataa kurudisha." Akasema: "Basi haitoke." Nikarudia kwa mama. "Tata anasema haitoke." Akasema: "Basi isitoke." Munasikia? Ugonjwa iko mu muji, gari iko na mafuta, haut-parleur iko tayari, na babili bagumu hawa, mumoja anafukuzwa, mwingine anafiwa na bazima, banagombana kupitia miguu yangu! Sasa hata tofali ya kubagawanya haiko, na bado mi niko mupira! Nilibatukana bote babili njia nzima, mu luga zote ninajua, na zote nilibatafsiria.

Treni ikakuya. Ilikuwa mabogi ya mizigo, milango wazi. Batu bakapanda na bitanda, na kuku, na mashini ya kushona. Tata Mukendi alisimama pa mulango ya bogi, Mama Ngoie nyuma yake. Akaniona katikati ya batu, hakusema kwa heri. Akainua tu kichwa: namna gani? Nikatikisa kichwa: bado. Akakunja uso, sawa mi njo nilichelewesha treni ya dunia yote.

Basi nikasikia Komanda nyuma: "Mama, hapa hapana kupita!"

Na sauti ya Mama Kabange: "Mukwe yangu eko mule. Unataka nijifunike mbele yako we? We umenioleya mwana gani?"

Akapita. Bidon ya maji mu mukono moja, kikombe mu ingine, kitenge imefungwa pa kiuno, kichwa wazi. Bijana bakafungua njia. Bale balikuwa Basanga, balijua ni nini banaona. Mama-mukwe anaenda mbele ya mukwe, uso wazi, mu jua. Mafimbo ikashuka yenyewe. Mi mwenyewe niliangalia chini, sawa nimeingia mu chumba ya batu bila kupiga hodi.

Tata Mukendi alitaka kurudia nyuma mu bogi. Hakukuwa fasi. Akaangalia viatu yake.

"Leta mikono," mama akasema.

Yee mwenyewe alimuambia. Hakuniambia mi. Miaka yote ile, ilikuwa neno ya kwanza.

Akaleta mikono. Mama akamwanga maji, polepole, na akaanza kurudisha, mu Kisanga, na ile sauti ya kuita bateja ya mikate, hata ba mwisho ya gare basikie. Kila mutu anawe sawa mukwe. Mutoto wako, umuheshimu sawa mukwe. Mugeni wako, sawa mukwe. Asitie mukono mu maji ya bengine, umumwangilie. Hakusahau hata kitu. Kisha mikono ya Mama Ngoie, na ya batoto mumoja-mumoja, anarudisha, anarudisha. Na pa mwisho akasema: "Na ile maji ya chini, mumwange mbali na kisima."

Tata Mukendi akainua macho. Akamuangalia.

"Ile haikukuwa mu karatasi."

"Basi uitie."

Treni ikavuta. Bidon ikaanguka. Mama akatembea kando ya bogi, mukono ku mukono ya mwana wake, hata ule mukono ukatoka. Na kule juu Tata Mukendi akatosha peni pa sikio, akakumbuka hana karatasi, akaniita na nguvu yake yote:

"Parleur! Itie! Kisha itoke!"

Ikatoka ile siku ile. Infirmier Yav alizunguka nayo hata haut-parleur ikapoteza sauti. Batu baliacha kutia mikono mu beseni; ile nilibaona na macho. Ingine, kama njo ilipunguza ugonjwa, mi si munganga, sitaseme. Hata leo mukienda kuelekea Nzilo, mutoto akishika kikombe, anasema: "Leta mikono, mukwe," na hajue ilitoka wapi.

Tata Mukendi, nilisikia alifika. Kisha sikusikia tena. Mama Kabange alirudia pa ukuta, akapika mikate miaka ingine, na mi nilimusomea makaratasi mingi, na alirudisha yote bila kosa. Lakini mikate haikuungua tena. Alikuwa anaigeuza kwa wakati.

Basi, batoto. Nimesema, na kinywa imekauka. Sitabauliza kama mumesikia. Ninyi ni batu ya heshima, mutajibu nimesikia. Wewe wa sauti ya redio, weka telefone chini. Kamata ile kikombe pa meza, umwangilie mwenzako maji.

Sasa rudisha.